Mtihani wa Mbinya

Duka la Mayai,
Kona ya Musa,
S.L.P. 214, Ukunda.
Novemba 22, 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuamkia wewe kwanza, kisha ninaliamkia goti lako la kushoto, kwa sababu mdogo wangu Muange alipopita hapa dukani alisema siku hizi goti hilo ndilo linaloamua kama utakwenda kanisani au utabaki nyumbani. Ile dawa ya kuchua niliyompa akuletee ilifika, au aliimaliza yeye njiani? Na mbuzi je? Na lile tangi, limepata maji, au bado mnasubiri lori la maji kule Samburu kama watu wanaosubiri harusi? Sisi hapa hatujambo. Mumbe mkwe wako anakuamkia kwa heshima. Kuku wanataga. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama, na sababu yake utaisoma humu ndani. Ninakuomba barua hii uisome peke yako. Usimpe Muange akusomee barazani kwa sauti kama ile ya mwezi wa saba, maana habari za ile zilifika Taru kabla wewe hujaikunja.

Kuhusu biashara, hoteli za Diani hazijaamka tangu zile vurugu za mwaka jana zilizowafukuza watalii. Hoteli iliyokuwa ikichukua trei arobaini sasa inachukua sita, na mpishi wake anayageuza mayai moja moja juani kana kwamba nimeyataga mimi. Kule kisiwani Chale bado wananunua, ingawa yai likivunjika kwenye boti wanataka lihesabiwe kuwa ni langu. Silalamiki. Unajua nilikuja Ukunda na ndoo ya mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Nilichonacho nimekijenga kwa kuhesabu. Ninakwambia haya si kwa kujisifu, bali ili utakapofika chini ya barua hii usishangae jinsi mtu wa hesabu alivyokosea hesabu.

Nina jambo la kuniuma na jambo la kunitia hofu. La kuniuma nilitoe kwanza, maana likibaki tumboni litaliharibu lile la pili.

Mwanzoni mwa mwaka huu, tulipokuletea habari kwamba daktari amempima Mbinya na kumkuta na shida, ulimtuma Muange aje na maneno mawili. La kwanza, kwamba katika ukoo wetu hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo tukatafute upande wa Mumbe. La pili, kwamba jina la Mbinya lisiandikwe kwenye makaratasi ya hospitali kwa sababu ni lako, nawe uko hai na una akili zako timamu. Muange, unavyomjua, aliyasema yote mawili mbele ya Mumbe. Mumbe alikuwa anapanga mayai kwenye trei. Aliendelea kupanga, ila siku ile aliyapanga yote juu chini, na mimi nikayapanga upya baada ya yeye kwenda kulala.

Ninakuelewa, Mama. Kwa desturi yetu binti yangu wa kwanza hakuwa na jina lingine ila lako. Ulipompakata ulisema umezaliwa mara ya pili, tena bila goti bovu. Kwa hiyo watu wakisema Mbinya hasemi, Mbinya hamtazami mtu, Mbinya anapiga kichwa ukutani, wewe unasikia unasemwa wewe. Lakini maneno yale yaliniingia, na yaliponiingia yalifanya kazi ambayo hukuituma.

Sasa nikueleze vizuri habari za huyu daktari, kwa sababu Muange amekuwa akikueleza nusu. Anaitwa Daktari Twaiba Matano, mzaliwa wa Msambweni hapo hapo, mwanamke wa makamo, anavaa buibui na viatu vya raba. Alisoma ng'ambo miaka mingi, kisha akarudi kwao akakodi nyumba ya madirisha ya kijani karibu na barabara. Asubuhi anatibu na kufundisha watoto, mchana anafanya utafiti. Ugonjwa wenyewe, ambao yeye hapendi uitwe ugonjwa, Wazungu wanauita otizimu. Yeye anasema usonji, ila anakiri kwamba akilitamka neno hilo watu humtazama kama aliyewatukana.

Nilimpenda kwa jambo moja. Alisema vitabu vyote alivyosoma vimehesabu watoto wa Wazungu, na watoto wa Kwale hakuna aliyewahi kuwahesabu, na mtu asiyehesabiwa hapangiwi dawati wala mwalimu. Kwa hiyo anamtuma msaidizi wake, kijana anayeitwa Menza, nyumba hadi nyumba, akiuliza kama kuna mtoto asiyeitika. Menza anasema nyumba nyingine wanamficha mtoto jikoni na kumwapia kwamba hawajazaa kabisa, na nyumba nyingine wanamletea kila mtundu wa kijiji wakidhani anagawa unga. Nilipomuuliza daktari ni wangapi kati ya wangapi, alicheka, akasema mimi ndiye mzazi wa kwanza kumuuliza "kati ya wangapi", wengine wote humuuliza "nani amemroga".

Upimaji wenyewe hauna sindano. Mtoto anakaa mkekani pamoja na Menza, na wazazi wanatazama kupitia pazia. Wanamwita jina lake kwa nyuma waone kama atageuka. Wanampa mwanasesere na kikombe waone kama atamnywesha. Wanapuliza mapovu ya sabuni, kisha wanaacha ghafla, waone kama ataonyesha kwa kidole kwamba anataka tena. Wanamviringishia mpira waone kama ataurudisha. Kila kitu kina alama yake. Mbinya hakufanya hata kimoja, Mama. Alimlaza yule mwanasesere kifudifudi, akakizungusha kikombe sakafuni, na alipoitwa ilikuwa kama wanaita mtu wa nyumba ya pili.

Daktari alitukalisha, akatwambia pole pole kwamba jambo hili halikutokana na maziwa ya Mumbe, wala jicho la jirani, wala damu ya bibi wa upande wowote. Mtoto huzaliwa ubongo wake umejengwa kwa namna yake. Dawa ya kuliondoa hakuna, lakini kufundishika anafundishika, na akianza mapema ni bora zaidi. Alikuwa na darasa la watoto wanane. Alimpa Mbinya nafasi, kwa makubaliano kwamba baada ya miezi kadhaa watapimwa tena wote wanane, ili ajue kama ufundishaji wake unafaa au anawapotezea watu wakati.

Darasa lilimfaa. Alianza kukaa na watoto wengine bila kupiga kelele, akakubali kuvaa viatu. Mambo madogo, ambayo ukimweleza mtu wa dukani anakuuliza, "Ndiyo hayo tu?"

Kisha mwezi wa tisa wakapimwa tena, na matokeo yake unayajua, kwa kuwa nilikupigia simu pale kwa mwenye duka ukaitwa kutoka shambani. Mbinya alifaulu. Aligeuka alipoitwa, alimnywesha mwanasesere, alionyesha mapovu kwa kidole, alirudisha mpira. Wewe ukachinja mbuzi. Ukasimama kanisani ukashuhudia kwamba Mungu amelisafisha jina lako, na mchungaji akapiga magoti. Muange alinieleza hadi idadi ya vigelegele.

Daktari Twaiba alifurahi pia, lakini furaha yake ilikuwa na kituo. Alitazama zile alama kwa muda mrefu. Akasema watoto watano wamesogea kidogo, wawili wako pale pale, na Mbinya peke yake ameruka. Akasema kwa alama hizi hana haki ya kumweka darasani huku wengine wanangoja nje. Nafasi yake akapewa Waziri, mtoto wa Biasha anayekaanga viazi karai hapa Kona ya Musa. Biasha alikuja dukani kwangu akilia kwa furaha. Akaniuliza nimemlisha Mbinya nini, kama ni mayai basi achukue trei. Nilimwambia ni Mungu.

Hapo ndipo linapoanza jambo la kunitia hofu.

Alipotolewa darasani, Mbinya alirudi nyuma kwa haraka. Viatu akavikataa. Kichwa na ukuta vikaanza tena. Na akaanza kukimbia, Mama. Ukifungua mlango kidogo tu kumpokea mteja, amekwisha pita chini ya mkono wako. Wiki iliyopita alitoka hivyo. Mimi nilikuwa nimebeba trei tano kifuani. Niliposikia watu wa stendi wanapiga mayowe nikazitupa zote, nikatoka mbio. Alikuwa anavuka barabara kuu, na lori la mchanga lilikuwa linakuja kutoka upande wa Msambweni.

Nikaita, "Mbinya!"

Na akasikia. Akasimama katikati ya lami. Akageuka vizuri kabisa, akanitazama, akaninyoshea mkono, kiganja juu, akangoja.

Lori lilikuwa linapiga honi. Mimi ninapunga mikono, ninapiga kelele njoo, toka, kimbia. Hakuondoka. Alisimama pale na mkono wake umenyooka kama mtu anayedai chenji. Dereva alilala juu ya breki na lori likaenda upande, likasimama karibu naye kiasi kwamba vumbi la mchanga lilimwagikia nywele zake. Nilimbeba. Hata mikononi mwangu kiganja alikuwa bado amekifungua. Dereva alishuka akinitukana matusi ambayo sitayaandika kwako, kisha akakaa chini kando ya gurudumu akaomba maji. Biasha alimletea.

Siku ile Mumbe aliniuliza swali moja tu. Mtoto amesikia jina lake, amesimama, amegeuka. Kwa nini amenyosha mkono?

Mama, nilikuwa ninajua kwa nini. Ndilo ninalokuandikia.

Unajua ninavyompokea bwana afya. Akisema anakuja kukagua Alhamisi, mimi tangu Jumatatu nimepaka chokaa, nimechoma takataka, na kuku wenye mafua nimewapeleka kwa jirani wakapumzike. Anakagua, anaandika "safi", anakwenda zake. Miaka yote hii sijawahi kuanguka ukaguzi. Ndivyo nilivyofika hapa nilipo: mtu mwenye kalamu akija, unamwandalia anachotaka kukiona. Basi niliposikia kwamba Mbinya atapimwa tena, na maneno yako aliyoyaleta Muange bado yananiwasha, nilimwandaa binti yangu kama ninavyoandaa banda la kuku.

Maswali niliyajua yote; nilikuwa nimeyatazama kupitia pazia. Nikanunua sokoni mwanasesere kama yule, mpira kama ule, nikakoroga sabuni. Mbinya anapenda vizibo vya soda kuliko chakula. Ukimpa kimoja anakizungusha mpaka jua lizame. Kila asubuhi isiyo ya darasa, Mumbe akishakwenda hotelini kufua mashuka, mimi ninafunga duka. Ninamwita, "Mbinya!" Akigeuka, kizibo. Asipogeuka, ninamgeuza kichwa kwa mkono, kisha kizibo. Ninamshika kidole ninaonyesha mapovu, kizibo. Alijifunza, Mama. Mimi nilifurahi kama mjinga. Siku ya kupimwa nilikaa naye mkekani mwenyewe, nikasema eti ameamka na homa hataki kuachwa. Vizibo vilikuwa mfukoni mwangu, na kila alipofanya jambo nilimtilia kimoja mkononi, chini ya leso ya Mumbe niliyokuwa nimejifunika magotini. Menza hakuona. Daktari hakuona. Mumbe siku hiyo alikuwa kazini, na nilihakikisha yuko kazini.

Kwa hiyo hakuwa amepona. Yule mbuzi alichinjwa bure, na mfupa wa lawama ni wangu. Sikuandikii kukulaumu wewe, ingawa ninakulaumu kidogo.

Nilipomwambia Mumbe, hakupiga kelele. Alisema nimemfundisha mwanawe kama wale kasuku wa hotelini wanaosalimia watalii kwa Kijerumani. Kisha akasema kesho tunakwenda Msambweni, na mdomo utakaosema ni wangu.

Tulikwenda. Daktari Twaiba alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaiweka mezani. Alikasirika, Mama, kwa ile hasira ya watu wasiopandisha sauti. Akaniuliza mimi kama mfanyabiashara: nikiuza trei nikasema zote nzima, na moja nimeijaza maganda matupu, mnunuzi atazisadiki vipi zile nyingine? Alikuwa amekwisha waandikia wenzake wa Nairobi na ng'ambo kwamba yupo mtoto mmoja aliyeruka. Sasa itabidi aandike tena, aseme mfuteni. Akasema utafiti wake umekwisha mpoteza Mbinya, hatahesabiwa tena kamwe. Niliposikia vile nilijua tumefukuzwa, nikaanza kuinuka. Akaniambia nikae. Utafiti ndio uliompoteza, alisema, kliniki haijampoteza. Kiti cha tisa anaweza kukinunua.

Kisha akamwangalia Mbinya, aliyekuwa sakafuni ametugeuzia mgongo. Akamwita kwa jina. Mbinya akaacha alichokuwa anafanya, akageuka, akanyosha mkono. Daktari akangoja mpaka akaushusha, akamwita tena. Mkono ukanyooka tena. Menza alikwenda kusimama dirishani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Alichotueleza ndicho kilichonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Alisema neno hilo kwa mtoto huyu si jina tena. Limekuwa amri: simama ulipo, nyosha mkono, ngoja ulipwe. Kila tukilitamka tunaikaza ile amri, na barabarani hatutapata dereva kama yule kila siku. Kulifundisha upya si rahisi, kwa kuwa limekwisha shika. Njia yake ni kuliweka kando, labda mwaka, labda zaidi, na kumpa jina lingine kabisa, jipya masikioni mwake, tumfundishe tangu mwanzo kwamba akiitwa hilo anamwendea mtu aliyemwita. Na wote walitumie: sisi, majirani, wateja, na bibi yake. Akitokea mmoja tu anayeng'ang'ania la zamani, kazi inarudi sifuri. Kwa hiyo hataanza naye mpaka nyumba nzima imekubaliana. Akaniuliza nani katika familia atakayekataa. Mumbe alinitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu.

Biasha naye nilimwambia, kwa kuwa nilimdanganya. Alinishukia mbele ya wateja wake, mwiko mkononi: "We Mkamba wa mayai! Usiku kucha ninamgombeza mwanangu kwa nini si kama wako, kumbe wako unamlipa!" Nilimwambia ana haki. Akasema anajua ana haki, hahitaji kupewa na mimi. Tangu siku hiyo hamwiti Mbinya kwa jina. Anamwita kwa kumgusa bega, na bado haongei nami.

Sasa ombi langu. Jina ni lako, nami ndiye niliyeliharibu mdomoni mwa watu. Ninakuomba uliruhusu lipumzike. Halifutwi; kwenye cheti cha kuzaliwa litabaki, na siku atakapoweza kuitwa nalo salama tutamrudishia. Na hilo jipya ninakuomba ulichague wewe, liwe fupi, lisifanane na la zamani. Ukija Krismasi, tafadhali usimwite kutoka langoni kama ulivyozoea. Ingia, mkaribie, mwite hilo utakalokuwa umemchagulia. Kanisani waambie utakavyoona inafaa, au uniite nije niwaambie mimi.

Mumbe amesoma mpaka hapa, akasema nisimalizie kwa kujipendekeza. Basi nikwambie ilivyo. Daktari anatungoja Jumatatu ya wiki ijayo. Jibu lako likija kabla, nitashukuru maisha yangu yote. Lisipokuja, au likija ni hapana, nitamwita mtoto jina lingine hata hivyo, na nitampeleka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: ninakuomba ruhusa ya jambo ambalo siwezi tena kuacha kulifanya. Sijawahi kukuandikia maneno kama haya.

Mwambie Muange ninamsalimu, na mwezi huu asipite dukani mpaka Mumbe apoe. Wasalimie wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Goti lisugue asubuhi na jioni, usilionee huruma. Mtoto amelala mkekani karibu yangu ninapoandika, na nimempitishia mkono kichwani kwa niaba yako, bila kumwita.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Munyoki Ngui